Kingamwili Ipo

Mimi ni mtu wa ng'ombe, na kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa msaidizi wa bwana mifugo wa eneo letu bila kulipwa, kwa sababu tu nilipenda kujua mambo. Nilishika vichwa vya ng'ombe wakati wa kutoa damu, nilikoroga dawa ya josho, niliandika kwenye daftari namba za hereni za masikioni. Mtu akija kuniuliza kwa nini ng'ombe wake anakohoa, nilimjibu kabla hajamaliza swali. Nayaeleza haya mapema ili ujue kwamba balaa lililonipata halikutokana na ujinga. Mjinga angeuliza.

Naitwa Mwebesa. Nyumba yangu iko Igurwa, Karagwe, katikati ya watu wa migomba na kahawa. Mke wangu, Kobusingye, ana kibanja chake nyuma ya nyumba, ndizi na maharage, na mimi nina ng'ombe ishirini na wawili. Binti yetu Ankunda ameolewa Kahama. Tulibaki wawili tu nyumbani, na tulipatana. Kobusingye ni mtu wa maneno machache, nami ni mtu wa maneno mengi, kwa hiyo hapakuwa na ugomvi wa kugombania nafasi ya kusema.

Mwaka jana, mwezi wa saba, wataalamu walikuja kanisani kwetu na gari lao kupima homa ya ini, ile inayoitwa B. Mchungaji alikuwa ameitangaza Jumapili mbili mfululizo. Mke wangu hakuwepo siku hiyo, alikuwa Rugu kwa kaka yake Yusto, kwenye ubatizo. Mimi nikapanga foleni, nikanyoosha mkono, nikatolewa damu ya kujaza kichupa kizima. Walisema itapelekwa maabara kubwa, majibu baada ya wiki tatu, na wasio na ugonjwa watachanjwa.

Majibu yakaja kwenye bahasha. Mzee wa kanisa alizigawa baada ya ibada, moja moja, akiita majina. Akatangaza kwamba mwenye swali aje Jumanne, wataalamu watakuwepo kueleza. Mimi nilifungua yangu nyuma ya kanisa, nikiwa nimesimama karibu na baiskeli. Kulikuwa na mistari mitatu. Majina ya vipimo yalikuwa ya Kizungu, lakini mtu mwenye huruma alikuwa ameandika pembeni kwa kalamu. Wa kwanza: kirusi, hakuna. Wa pili: kingamwili ya kiini cha kirusi, ipo. Wa tatu: kingamwili ya ganda la kirusi, ipo.

Jumanne sikwenda. Ya nini? Mimi kingamwili naijua.

Hapa lazima nimtaje Bihogo. Alikuwa jike wa rangi nyekundu iliyokolea, pembe ndefu, mzao wa ng'ombe wa marehemu baba yangu. Miaka tisa iliyopita ulikuja mradi wa kupima ugonjwa wa kutupa mimba. Bwana mifugo wetu, Novatus, ndiye aliyetoa damu, na mimi ndiye niliyeshika pembe. Majibu yalipotoka, Bihogo alikuwa na kingamwili. Nilibisha sana. Nilimwambia Novatus, huyu ng'ombe amenenepa, anakula, hajatupa hata mimba moja, mmemwona na mdudu gani? Novatus akanieleza taratibu, na maneno yake nikayashika kichwani kuliko katekisimu: mdudu mwenyewe hatumwoni, Mwebesa, amejificha ndani. Tunachokiona ni kingamwili, na kingamwili ikionekana kwa ng'ombe ambaye hakuchanjwa, ujue mdudu yumo. Hata kama ng'ombe anang'aa. Unamtoa kundini siku hiyo hiyo, la sivyo utawapoteza wote.

Nilimtenga Bihogo kwenye zizi la peke yake, na wiki iliyofuata akaenda machinjioni. Nililia. Lakini kundi langu lilipona, na tangu siku hiyo nimewaambia wafugaji wasiopungua hamsini maneno yale yale ya Novatus, na mara nyingine nikayasema kama yangu.

Basi niambie, mtu aliyesomea somo hilo, akishika karatasi inayosema kirusi hakuna, kingamwili ipo, tena siyo moja, ni mbili, ataelewa nini? Nilielewa kwamba kirusi kimejificha. Nilielewa kwamba nang'aa kwa nje. Na nilielewa kundi langu ni nani, maana nyumbani kwangu tulikuwa wawili tu.

Sikumwambia Kobusingye. Watu watasema niliona aibu, na ni kweli, aibu ilikuwepo. Homa ya ini kwetu inatajwa kwa sauti ya chini, na mgonjwa wake hutengewa sahani kabla hata hajaugua. Lakini sababu kubwa haikuwa hiyo. Nilimjua mke wangu. Ningemwambia, angekaa na mimi. Angelala pale pale, angekula nami pale pale, wala hata karatasi asingeomba kuiona. Kwa hiyo niliona ni afadhali nimwondokee bila kumpa nafasi ya kubisha.

Nikamwambia majani ya Igurwa yamekwisha, nahamishia ng'ombe upande wa Kyerwa kwenye mbuga. Nilimwachia wanne wa kukamua. Nilijenga kibanda cha fito na nyasi, nikazungushia uzio wa miiba, nikanunua kikombe kimoja, sahani moja na sufuria moja.

Sijui nieleze vipi upweke wa kule. Mchana si mbaya, ng'ombe wanakupa kazi. Shida ni jioni, ukishamaliza kukamua, ukashika kikombe cha maziwa na hakuna wa kumpa. Nilianza kuzungumza na ng'ombe, jambo ambalo kila mfugaji hulifanya, lakini mimi nilifika mahali nikawa nangoja wajibu. Wachungaji wa jirani walinikaribisha kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi, nikakataa kwa sababu kibuyu kilikuwa kimoja na mrija ulikuwa mmoja. Mara ya tatu waliacha kunikaribisha. Nilisikia wanasema mzee wa Igurwa anajisikia. Siku moja waya ulinikata kiganjani, damu ikatoka nyingi, na nilichoma moto kitambaa, nikafukia majivu, nikamwaga maji ya moto pale chini, wakati mwenye kidonda nilikuwa mimi na hapakuwa na mtu wa kumwambukiza umbali wa nusu saa.

Nyumbani nilikwenda mara moja kwa mwezi, kupeleka hela ya matumizi. Nililala chumba cha mbele, kwenye jamvi, nikasingizia mgongo. Kobusingye aliniletea maziwa kwenye kyanzi, kile chombo cha mti ambacho wanawake wetu hukifukiza kwa nyasi mpaka maziwa yanapata harufu ya moshi, na mimi nikasema nimeshiba. Kwetu mume hasemi hivyo. Unaweza kukataa chakula, ukasema tumbo linauma. Maziwa aliyokufukizia mkeo ukiyakataa, umemkataa yeye, na mtoto mdogo analijua hilo. Aliondoka nayo. Nami nililala nimetazama ukuta, najisifu kwamba namlinda.

Mwezi wa kumi na mbili akaja mwenyewe kambini. Hakuwa amewahi kufika kule, aliuliza njia. Pikipiki ilimfikisha mwisho wa barabara, akatembea kilichobaki. Nilimwona kwa mbali, khanga ya kijani, na kyanzi amekibeba kwa mikono miwili ili kisimwagike. Moyo ulinidunda nikiwa mtu mzima wa miaka hamsini na nane. Kisha nikakumbuka nilivyo.

"Simama hapo hapo, Mama Ankunda," nikamwambia. "Kuna ng'ombe mkali ndani."

Hapakuwa na ng'ombe mkali. Alisimama upande wa pili wa miiba, hatua kama ishirini kutoka nilipokuwa.

"Shikamoo, Baba Ankunda."

"Marahaba. Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Nina neno la kukuambia."

"Liseme."

Aliwatazama ng'ombe, akanitazama mimi, akatazama ule uzio. Alikuwa amekonda kidogo. Nililiona hilo nikadhani ni mimi niliyemkondesha, na nikazidi kuona haja ya kumweka mbali.

"Basi," akasema. "Si la kupigia kelele."

Akaweka kyanzi chini, akageuka kuondoka. Nikangoja afike mbali. Sikuweza kunywa, maana chombo kile kingerudi nyumbani na mate yangu. Nikamwaga maziwa kwenye sinia la mbwa. Nilipoinua kichwa, nikaona kwamba hakuwa amefika mbali. Alikuwa amesimama kwenye kichuguu amegeuka, ananitazama. Nilitaka kuita. Nilifungua hata mdomo. Lakini ningeita niseme nini?

Mwezi wa pili Ankunda akanipigia simu kutoka Kahama. Alilia kwanza, kisha akasema, "Baba, mama amehamia Rugu kwa mjomba Yusto. Nyumba imefungwa. Mmefanyiana nini?" Nikamwambia wazee wana mambo yao. Nilizima simu nikakaa chini kwenye samadi. Nilijiambia kazi imekwisha sasa, yuko kwa kaka yake, yuko salama, hakuna nitakalomwambukiza. Nilijiambia hivyo kwa miezi saba. Hata siku moja haikunifariji.

Mwaka huu, mwezi wa tisa, nilishusha ng'ombe kwenye josho, na nani nimkute pale amekaa juu ya ndoo? Novatus. Amestaafu, nywele zote nyeupe, lakini watu wakiogesha ng'ombe hawezi kukaa nyumbani. Alifurahi kuniona. Alinyoosha mkono, nikaupokea kwa kusitasita, akaanza kunitania mbele ya watu.

"Mwebesa we! Umekuwa kama ufito. Huko mbugani unakula miiba?"

Nikacheka. Nilikuwa sijacheka na mtu muda mrefu, na sijui kicheko kilinifungua kitu gani, nikamvuta pembeni nikamwambia yote. Nilimwambia karatasi, mistari, kibanda, kikombe kimoja. Nilimwambia kama mwanafunzi anayemsomea mwalimu somo alilolishika vizuri.

Novatus akasimama kutoka kwenye ile ndoo, kwa shida, akanishika bega.

"Nilikufundisha ng'ombe, Mwebesa. Sikukufundisha mtu."

"Kingamwili si kingamwili?"

"Yule mdudu wa kutupa mimba haondoki. Ng'ombe anatengeneza kingamwili, mdudu anakaa nayo nyumba moja miaka yote. Ndiyo maana tukiiona tunamtoa. Lakini yako magonjwa ambayo kingamwili ndiyo inayomfukuza mdudu. Ndama tukimchanja, si tunamtafutia hiyo hiyo? Hiyo karatasi umemwonyesha nani?"

"Sijamwonyesha mtu."

"Mwaka na zaidi?" Aliniachia bega. "Nenda kituo cha afya Nyaishozi sasa hivi. Ng'ombe wako nitawaangalia mimi."

Kwenye kituo cha afya nilimkuta muuguzi anaitwa Adventina, mwanamke wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi. Nikamkabidhi karatasi. Ilikuwa imekunjwa mara nyingi mpaka ilikuwa inaachana kwenye mikunjo. Aliisoma kwa muda mfupi sana. Nilikasirika kwa jinsi muda ule ulivyokuwa mfupi.

"Sasa mzee, tatizo ni nini hapa?"

"Tatizo si limeandikwa?"

Akasogeza kiti, akaweka kidole juu ya karatasi. "Tazama. Mstari wa kwanza wanatafuta kirusi chenyewe, ganda lake la nje. Kwako hakipo. Mstari wa pili ni alama kwamba mwili wako uliwahi kukutana na kirusi. Hiyo haifutiki, utazeeka nayo. Wa tatu ndio kinga. Mtu tuliyemchanja tunatafuta huo wa tatu, tukiuona tunafurahi. Ila aliyechanjwa tu hana huo wa pili, maana hakukutana na ugonjwa. Wewe una wote wawili na kirusi hakuna. Maana yake uliugua zamani, ukapona, mwili ukabaki na kinga."

"Kwa hiyo kimejificha ndani."

"Hapana. Humwambukizi mtu."

"Hata mke?"

"Hata mke. Na wewe hupati tena, hata ukiishi chumba kimoja na mgonjwa wake. Kitu kimoja tu ukumbuke, siku ukiandikiwa dawa kali zinazoshusha kinga ya mwili, kama zile za saratani, umwambie daktari kwamba uliwahi kuugua homa hii. Basi. Na hata ungekuwa mgonjwa kweli, mzee, homa hii haipiti kwenye kikombe wala sahani. Inapita kwenye damu, kwenye kulala pamoja, na kwa mama kumpa mtoto anapojifungua."

Nikamwambia habari za Bihogo. Alicheka, kisha akaona uso wangu akaacha kucheka.

"Uliwahi kuumwa macho ya njano?" akauliza.

Niliwahi. Mwaka wa kwanza wa ndoa. Nililala karibu mwezi mzima, mkojo umekuwa kama chai ya rangi, sitaki chakula, na watu walisema malaria kali. Kobusingye alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa. Alinikamulia, alinifulia, alinishika kiuno nikienda chooni. Sikuwa nimeukumbuka mwezi ule kwa miaka mingi.

"Watu wazima wengi wakiupata, mwili unaushinda," alisema Adventina. "Wanaobaki nao ni hasa waliopata wakiwa wachanga. Mke wako amepimwa?"

"Sijui."

"Hujui?" Alivua miwani. "Mlete, na watoto pia. Kama hana, anachanjwa. Kama anao, dawa zipo, na kufuatiliwa kupo. Huyo ndiye wa kumhangaikia sasa, siyo wewe."

Nilitoka pale. Ningetakiwa kufurahi. Mtu aliyeambiwa atakufa, akaambiwa hatakufa, hufurahi. Mimi nilisimama kando ya barabara, kati ya magunia ya maharage, nikaona miezi kumi na minne yote imejipanga foleni mbele yangu, kila siku yake na kila jioni yake, na hapakuwa na hata moja iliyohitajika. Nililia pale pale, na mama mmoja muuza ndizi akanisogezea kigoda.

Nikapanda pikipiki kwenda Rugu.

Mji wa Yusto uko juu kidogo, kibanja kinazunguka nyumba pande zote. Mkewe, Benadeta, alikuwa anamenya ndizi barazani. Alinitazama kama mtu aliyekuja kudai, lakini hakuacha adabu, akanisalimia, akaniambia Yusto yuko shambani.

"Nimekuja kumwona mke wangu, shemeji."

Alionyesha kwa kisu, upande wa nyuma. "Yuko huko. Chumba chake ni kile."

Kilikuwa chumba cha uani, kando ya banda la mbuzi, kilichokuwa stoo ya kahawa. Nje kulikuwa na benchi. Kobusingye alikuwa amekaa juu yake anachambua maharage. Kando ya mlango niliona beseni dogo, ndani yake sahani moja na kikombe kimoja, vimeoshwa na kufunikwa peke yake. Niliviona vile vyombo viwili na nikajua kabla hajafungua mdomo. Nani angevijua kuliko mimi?

"Umepimwa lini?" nikauliza, sikusalimia hata.

"Mwezi wa kumi na moja. Wale wa kanisani walirudi mara ya pili." Hakuinua kichwa. "Ninao. Wanasema pengine tangu nazaliwa, mama alikuwa nao. Nilikuja kukuambia."

"Kambini."

"Nikakuta umeshajua."

"Mimi? Nilikuwa sijui!"

"Uliniambia nisisogee. Ulimpa mbwa maziwa yangu." Alisema bila hasira, kama mtu anayetaja bei. "Nikasema sawa. Watu wa maabara wamemwambia kabla yangu, anaogopa, ana haki ya kuogopa. Nikarudi. Nikakaa pale Igurwa peke yangu nikingoja uje unifukuze kwa mdomo, hukuja. Nikachoka kungoja."

Nilimwaga yote, ovyo, mbele nyuma. Bahasha. Bihogo. Kibanda. Novatus. Nilimwambia nilidhani mgonjwa ni mimi. Nilimwambia nilikuwa namlinda. Yeye aliendelea kuchambua, akitupa mawe madogo upande mmoja, na nilipofika kwa Adventina mikono yake ikasimama.

"Kwa hiyo wewe ni mzima."

"Mzima! Na kuna zaidi ya hapo." Nilipiga magoti kwenye vumbi, sikujali Benadeta anachungulia. "Nina kinga. Mimi siwezi kuupata tena. Hapa duniani mtu asiye na sababu yoyote ya kukuogopa ni mimi. Na kinga yenyewe umenipa wewe! Ule mwaka wa kwanza, yale macho ya njano, unakumbuka? Ugonjwa ule ulikuwa umetoka kwako."

Niliyasema kama zawadi. Nilipoyasikia yakitoka mdomoni nikaona nilivyokosea.

"Kwa hiyo ni mimi niliyekuambukiza," alisema.

"Sivyo nilivyomaanisha."

"Najua hukumaanisha." Alinitazama kwa mara ya kwanza. Weupe wa macho yake haukuwa mbaya, lakini chini yake ngozi ilikuwa imeingia ndani. "Ule mwezi ulivyoumwa, Baba Ankunda, nilikuuliza kwanza ugonjwa gani? Nilikuuliza unaambukiza?"

"Hapana."

"Nilikaa. Sikujua lolote, nilikaa. Wewe ulijua kidogo ukaondoka."

Mimi, ambaye hujibu kabla swali halijaisha, niliokota yale mawe madogo aliyokuwa akiyatupa.

"Twende nyumbani," nikasema. "Kuna dawa, Adventina kasema. Kuna kliniki. Nitakupeleka kila wakikuita, nitakaa na wewe kwenye foleni."

"Kliniki naenda. Yusto hunipeleka. Wanapima damu, wanasema ini bado halijaharibika, nirudi baada ya miezi sita." Alikung'uta khanga, akasimama na ungo wake. "Mwanzoni nilikuwa nalia kila siku, ujue. Nikisikia pikipiki nasema ni yeye. Nikiamka usiku nageukia upande wako. Sasa silii."

"Mama Ankunda."

"Nimeshazoea," akasema. "Sitaki kuanza kuzoea tena."

Akaingia ndani, akarudisha mlango. Hakuubamiza. Nilisikia akiweka ungo chini, kisha kitanda kikilia alipokikalia, kisha sikusikia kitu.

Benadeta akaja na kitambaa na chupa ya dawa ya kufulia. Akainama, akaanza kufuta benchi pale alipokuwa amekaa Kobusingye, haraka haraka, kama kazi aliyoizoea. Nikamshika mkono.

"Acha, shemeji. Haupiti kwenye benchi."

"Sisi tuna watoto humu," alisema, na uso wake haukuwa wa ubaya, ulikuwa wa woga tu. "Wewe huogopi?"

Nikamwambia siogopi. Nikakaa pale palipokuwa na joto lake, upande usiofutwa bado, mgongo wangu ukiegemea ukuta wa chumba chake. Niliita jina lake mara moja. Nilikaa mpaka Yusto akarudi kutoka shambani, akaniona, akapita. Mlango haukufunguliwa.